Karani wa Pamba na Jiwe la Pande Ishirini

Ireri, karani wa ghala la pamba la Gachoka, alijulikana hadi ng'ambo ya mto Thiba kwa jambo moja: alipokuwa akisoma mizani, aliweka mikono nyuma. Gunia lilining'inia kwenye kulabu, mshale ukatikisika na kutulia, naye akasimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa, akatangaza uzito kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. Makarani wengine wa enzi zile walikuwa na magoti yaliyolisaidia gunia kutoka chini, au mabega yaliyochoka ghafla yakatafuta mahali pa kuegemea. Mikono ya Ireri ilikaa mgongoni, mahali ambapo dunia nzima iliiona isipokuwa yeye.

Tabia hii haikumletea cheo wala shukrani. Wakulima walimwona mgumu, kwa sababu karani asiyekuibia huwa pia hakuachi umwibie, na wao walikuwa na mbinu zao. Basi wakamwita Karani, bila jina, hata kanisani, hata dada yake wa kuzaliwa.

Kisha pamba ikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini lori lililokuwa likija kila wiki likaanza kuja lilipojisikia, halafu halikuja tena. Watu wakang'oa mimea wakapanda ndengu, na wenye haraka wakapanda muguka, majani ya kutafuna. Ghala likabaki na mizani yake, na Ireri akabaki na funguo. Hakuna aliyemwambia azirudishe, na hakuna ofisi iliyobaki ya kuirudishia. Akaendelea kufungua asubuhi na kufunga jioni. Mabati yalikuwa na matundu, na jua la mchana liliingia kwa nyuzi nyembamba ndefu, na ndani ya kila uzi wa jua nyuzinyuzi za pamba zilizosahaulika juu ya maboriti zilikuwa zikielea polepole, zisishuke wala zisipande. Ukikaa humo muda wa kutosha ulianza kuhisi kwamba wewe ndiye unayeelea. Ireri alikaa humo muda wa kutosha kila siku.

Nje, barazani, alimruhusu Gladwell, fundi wa nguo, aweke cherehani yake. Gladwell tulimwita Mama Karo, kwa jina la binti yake. Cherehani ilinguruma na kunyamaza, ikanguruma na kunyamaza, na juu ya yote nyaya za umeme kutoka bwawa la Kamburu zilipita angani zikienda Nairobi bila kusimama Gachoka.

Mwaka wa tisini na tatu alikuja Oscar, mpwa wa Ireri, aliyetoka kusomea ng'ambo mambo ya kompyuta, chombo ambacho Gachoka ilikuwa imekiona kwenye gazeti. Oscar alikuwa na sanduku. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza na mfuko wa vijiwe vya rangi, vyenye pande nne, sita, nane, kumi na kuendelea, hadi kimoja chekundu cha pande ishirini kilichong'aa kama tunda ambalo hutakiwi kulila.

"Mjomba, huu ni mchezo," Oscar akasema.

"Ubao wake uko wapi?"

"Hauna ubao."

"Nani anashinda?"

"Hakuna anayeshinda."

"Unaisha lini?"

"Hauishi."

Ireri akafikiri. "Kama chama cha ushirika," akasema.

Oscar akamweleza kwa subira. Watu wanakaa mezani. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni: mpiganaji, mchawi wa vitabu, mwizi, mganga. Mmoja kati yao, mwenye mchezo, ndiye anayewaambia wengine wako wapi na wanaona nini: pango, msitu, mji wenye minara. Halafu anawauliza, mnafanya nini? Wao wanasema. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, jiwe linarushwa, na jiwe likisema limesema.

"Na siri ya mwenye mchezo," Oscar akaongeza akitabasamu, "ni kwamba mawe yako unayarusha nyuma ya kitabu, wasiyaone. Ukiona mambo yanaharibika, unasema nambari unayotaka."

Ireri alimtazama mpwa wake kama vile amemwambia ameacha kanisa. "Ni sawa na kupima pamba nyuma ya mlango," akasema.

Oscar akapata kazi Nairobi na kuliacha sanduku ghalani. Kabla Ireri hajaamua la kufanya nalo, mchwa walikuwa wameshaamua. Walikula kitabu kuanzia nyuma. Walikula sura yote ya hazina, ndiyo maana mashujaa wa Gachoka hawakuwahi kupata hata sarafu moja ya dhahabu, na walikula sura iliyoeleza kinachofuata baada ya mtu kufa. Kilichobaki kilitosha kuanza, na Ireri alikuwa na mchana mwingi mno.

Mwalimu Kiunga wa shule ya msingi ndiye aliyemsaidia kukisoma. Kiunga alitoka Muthara, juu kule Tigania, akaletwa na tume ya walimu kwenye joto letu, na alizungumza juu ya baridi ya kwao kama vile wengine wanavyozungumza juu ya marehemu. Wa tatu alikuwa Kithaka, mwenye bucha, aliyekuja kuona wawili hawa wanacheka nini. Wa nne alikuwa Mama Karo. Yeye hakukaribishwa. Alisikia yote kutoka barazani, na siku moja cherehani ikanyamaza, akaingia na kiti chake.

"Mnaenda pango gani bila mwanamke?" akauliza. "Nani atawaambia mrudi?"

Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya magunia. Watu wao waliandikwa kwenye karatasi za kaki za kufungia nyama, kwa hisani ya Kithaka. Hapo wakakwama mara ya kwanza.

"Kitabu kinasema sasa tubuni majina," Kiunga akatafsiri.

"Tubuni namna gani?" Kithaka akauliza.

"Tutoe tu kichwani."

"Jina la mtu? Kutoka kichwani? La nani?"

"La hakuna mtu."

Wakatazamana. Muthara na Gachoka zinatofautiana katika mengi, lakini hakuna hata moja ambapo mtoto anapewa jina ambalo halina mwenyewe. Jina linatoka kwa babu, kwa nyanya, kwa shangazi. Mtoto anapewa, na mwenye jina anasemekana amezaliwa upya, hata kama bado anatembea na kudai ugoro. Basi wakafanya kama ilivyo desturi. Mchawi wa Kiunga akaitwa Thuranira kama babu yake. Kazi ya mwizi hakuna aliyeitaka, kwa kuwa mji ni mdogo, mpaka Kithaka alipoichukua kwa kukosa nyingine. Akampa mwizi wake jina la baba mkwe, Kivuti, na hakutaka kuulizwa. Kwa wiki nzima baada ya hapo wateja wake waliangalia mizani ya nyama mara mbili.

Mama Karo alichelewa kuandika. Aliishika kalamu kama sindano.

Kwetu binti wa kwanza anachukua jina la mama wa mume, na wa pili jina la mama wa mke. Gladwell alizaa binti mmoja, Caroline, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa la mama mkwe kama inavyotakiwa. Waliofuata walikuwa wavulana, mmoja baada ya mwingine, wote wenye afya na wote wavulana. Sasa alikuwa amepita umri. Mama yake, Njura, aliyekuja kuishi naye baada ya macho kuisha, wanawe wa kiume wakiwa mijini na shughuli nyingi, alikuwa bado hajazaliwa upya kwa mtu yeyote. Hakuwahi kulalamika. Aliuliza tu mara kwa mara, majirani walipojifungua, "Wamempa nani?" Akijibiwa, alisema, "Vizuri," na kuendelea kuchambua mbaazi zake.

Mama Karo akaandika: Njura. Mpiganaji. Upanga.

Jioni ile alimwambia mama yake. Tulivyosikia, bibi kizee aliuliza swali moja tu: "Ana meno yote?"

Mchezo wa kwanza ulichukua mchana mzima na haukufika popote. Ireri alisimama, kwa sababu hakujua kusema jambo rasmi akiwa ameketi, akawaambia wako mbele ya pango, na ndani ya pango kuna joka lenye mabawa, lililolalia hazina. Mnafanya nini?

"Hazina ya nani?" Kithaka akauliza.

"Ya joka."

"Sasa tunaingia kufanya nini?"

"Kuichukua."

"Karani, wewe ni mkristo."

"Kitabu ndicho kinasema," Ireri akajitetea.

"Kwanza tujue joka ni la ukoo gani," Mama Karo akasema. "Huwezi kuingia kwa mtu hujui ukoo."

Kiunga akapendekeza aitwe chifu. Ireri akatafuta chifu kitabuni, hakumpata. Mwishowe wakaketi mbele ya pango wakangoja joka liamke, wakalisalimia, na ikabainika kwamba hazina ililetwa pale na ukoo mwingine uliokuwa na kesi nayo. Siku zilizofuata walisikiliza kesi. Hivi ndivyo mchezo wa mapanga na moto ulivyochezwa Gachoka, na sijui kama mahali pengine popote majoka yamepata kusikilizwa kwa heshima kiasi hicho.

Wakati ule watu wengi waliogopa habari za kuabudu shetani, na ilivumishwa kwamba ghalani kuna mawe. Ireri alifungua milango yote miwili ya ghala, akaweka utaratibu wa kuanza kwa maombi. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuchunguza, akakuta watu wazima wanne wakiomba, wakibariki uji wa mawele, kisha wakiingia kwenye msitu wa miti inayonong'ona. Alikaa kidogo. Alipoondoka alisema hajaona dhambi, ila msitu ule uangaliwe upande wa kushoto.

Na polepole nchi ile ikaingia ndani ya nchi yetu, au yetu ndani ya ile. Mchana wa joto, vumbi likiwa limesimama barabarani kana kwamba limesahau lilikokuwa likienda, Ireri alizungumza, na nyuzi za pamba zikielea kwenye jua zilikuwa theluji ya milima ya mbali. Minara ya umeme ilitembea juu ya nyika kwa miguu yake mirefu, nayo ikapewa majina. Alfajiri mlima Kirinyaga ulipojitokeza mweupe upande wa kaskazini, kabla mawingu hayajaufunika, Kithaka alisimama mlangoni mwa bucha akiwa na kisu, akasema kwa sauti ya chini kwamba huko bado hawajafika. Wateja walingoja nyama.

Aliyeenda mbali kuliko wote alikuwa Njura. Kila baada ya mchezo Mama Karo alifunga cherehani, akaenda nyumbani, na kumsimulia mama yake barazani: leo Njura alilala ndani ya mti, leo alizungumza na ndege mwenye uso wa mtu, akamnyima ukweli, leo aliteguka kifundo cha mguu. Bibi kizee, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kumfikisha hata kwenye choo bila fimbo, alisikiliza huku vidole vikitenganisha mbaazi mbovu na nzima. Alitaka kujua kifundo kipi. Kesho yake alisema kinamuuma kidogo, lakini kwa kuridhika.

Kisha wakafika kwenye daraja.

Lilikuwa daraja la kamba juu ya mto wa ukungu, na chini yake kulikuwa na kitu ambacho maji yalikificha. Thuranira na Kivuti walikuwa wamevuka. Njura alikuwa amebaki nyuma ameshika kamba ili wenzake wapite, kwa sababu hivyo ndivyo Mama Karo alivyokuwa akimcheza: wa mwisho kupita, wa kwanza kulaumu. Kitu cha majini kikaikata kamba moja.

"Anakimbia," Mama Karo akasema.

Ireri akapiga hesabu zake. "Atavuka," akasema. "Jiwe likisoma chochote zaidi ya moja, amevuka."

Kithaka akacheka kwa kufarijika, akaanza kumimina uji. Mama Karo akalipuliza jiwe jekundu, akalirusha. Lilibingirika juu ya ule mlango wa zamani, likapita shimo la kitasa, likazunguka, likatulia mbele ya Ireri.

Ireri akainama. Akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Rusha tena," Kithaka akasema upesi. "Hiyo ni upepo."

"Hakuna upepo," Ireri akasema.

"Mwalimu, sema kitu."

Kiunga akakohoa. "Mimi nikisahihisha mtihani," akasema, "naweza kumwongezea mtoto alama moja ya mwandiko. Si wizi hiyo. Ni huruma."

Mama Karo hakuwaangalia hao wawili. "Karani," akasema. "Unajua huyo ni nani."

"Najua."

"Sikuombi ishirini. Sema mbili."

Yasemwe yote: angeweza. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama karibu zaidi na jiwe, na wengine wangeapa waliona mbili. Oscar alikuwa amemfundisha. Mchezo wenyewe uliruhusu, na mbinguni hakuna idara inayokagua mawe. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaenda nyuma, yenyewe, na mtu akisimama hivyo miaka yote ile kuna sentensi ambazo mdomo wake hauwezi kuzitoa.

"Ni moja, Mama Karo," akasema. Na kwa kuwa alilazimika kumaliza, akamaliza: kamba ikaachia, ukungu ukafunguka, mto ukampokea Njura na upanga wake, na ukungu ukafunga.

Mama Karo akakunja karatasi ya kaki, akaitia kifuani. "Mama yangu ana umri gani, Karani?" akauliza.

"Sijui."

"Hata yeye hajui. Lakini si umri wa kungoja tena. Asante."

Kesho yake cherehani haikuwa barazani. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la kinu cha posho, ambako unga uliingia kwenye mashine na kelele zilimzuia mtu kufikiri. Na labda hiyo ndiyo ilikuwa faida yake.

Mchezo ukafa. Watu wa Gachoka, waliouita upuuzi ulipokuwepo, sasa walimuuliza Ireri kwa nini umekoma, kama watu waliokatiwa maji. Ireri alifungua ghala asubuhi na kulifunga jioni. Wakati mwingine alilirusha jiwe jekundu peke yake juu ya meza, na lilimpa kumi na tisa, kumi na saba, ishirini, kwa ukarimu wa vitu visivyokuwa na maana tena. Theluji ya pamba ilielea. Alikuwa ameliua jina la mama wa mtu kwa nambari moja ambayo hata hakuirusha yeye, na alipolifikiria jambo hilo kwa makini, kama alivyofikiria kila jambo, hakuona mahali ambapo angefanya vingine, wala hakuona namna ya kuishi na hilo. Kanisani walikaa safu moja, yeye upande wa wanaume, Mama Karo upande wa wanawake, na wakati wa kupeana amani mkono wa Mama Karo ulimpita ukaenda kwa watu wengine.

Siku moja Kithaka alikuja amejifuta mikono. "Unaitwa," akasema.

"Na nani?"

"Na marehemu."

Njura mzee alikuwa barazani kwa binti yake, juu ya kiti kifupi, jua likiwa magotini kama mtoto. Ungo wa mbaazi ulikuwa mapajani. Mama Karo alikuwa upande wa pili wa uwanja akianika nguo, na aliendelea kuanika, mgongo ukiwa upande wa wageni.

"Hodi, Cucu," Ireri akasema, kama mjukuu kwa nyanya yake.

"Karani. Kaa. Bado unasimama kama mlingoti?"

Akakaa.

"Nilikufaje?" bibi kizee akauliza.

Nguo ikaanguka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Mama Karo aligeuka. "Mama, nani amekuambia umekufa? Si jana tu nimekuambia Njura ameshinda majitu ya..."

"Jana ameshinda majitu. Juzi ameshinda majitu. Jumapili ameshinda mfalme." Vidole havikuacha kuchambua. "Tangu mvua ilipokatika huyu mtu haanguki, haumii, hata njaa hashikwi. Zamani alikuwa anateguka. Nikasema, aa, basi nimekufa, na huyu mtoto wangu ananificha." Akamgeuzia Ireri uso. "Wewe hukunifichia kitu. Nakumbuka ulivyonirudishia pamba yangu mbele ya watu wote."

Ireri aliikumbuka. "Ilikuwa na maji, Cucu."

"Ilikuwa na maji mengi," Njura akakubali. "Niliyatia mwenyewe. Nilikuchukia mpaka mavuno yaliyofuata. Sasa sema. Nilikufaje?"

Ireri akamweleza. Daraja, ukungu, kamba. Kwamba alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa ameshika ili wengine wapite. Kwamba ilihitajika chochote zaidi ya moja. Alisimulia kwa sauti ile ile ya mizani, bila kupamba, na mahali ambapo sauti ilitaka kukwama aliingoja itulie kama mshale.

"Wengine walivuka?"

"Wote."

"Vizuri," bibi kizee akasema. Akatafuna kitu ambacho hakikuwepo. "Na sasa amezaliwa nani?"

Ireri hakuelewa. "Kitabu hakisemi, Cucu. Sura hiyo ililiwa na mchwa."

"Mchwa wana akili kushinda kitabu. Wewe umezaliwa wapi, Karani, Ulaya? Mtoto akipewa jina la mtu, halafu akafa, mama yake anafanya nini? Anamzaa mwingine, na anampa jina lile lile, mpaka jina lishike. Mimi mwenyewe ni wa tatu. Kulikuwa na Njura wawili mbele yangu. Hawakumaliza hata mwaka."

Mama Karo alikuwa amefika barazani, mikono ikiwa bado imelowa. "Hukuwahi kuniambia," akasema.

"Hukuwahi kufiwa. Lete hayo mawe."

Ireri alikuwa nayo mfukoni. Mtu mpya katika mchezo ule hupimwa kwanza: mawe matatu ya pande sita hurushwa kwa ajili ya nguvu zake, kisha kwa akili, kisha kwa mengine. Akayaweka kwenye kiganja cha bibi kizee. Aliyapapasa moja moja, akalitafuta bovu, hakuliona.

"Nirushe wapi?"

"Hapo kwenye ungo, Cucu."

Akarusha. Mawe yakaanguka kati ya mbaazi, yakakaa. Ireri akainuka. Mama Karo, aliyekuwa akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya daraja, aliona mikono yake ikienda nyuma.

"Mbili," Ireri akasoma. "Moja. Moja." Akajumlisha. "Jumla ni nne."

"Nne katika ngapi?"

"Kumi na nane."

Ng'ambo, kinu cha posho kilikuwa kikilalamika. Mama Karo akafumba macho, na mtu angeweza kudhani yanaanza tena yale yale. Ndipo bibi kizee akacheka, kicheko chembamba kilichotikisa mbaazi zote kwenye ungo.

"Huyo ndiye mimi!" akasema. "Huyo kweli ni mimi! Nilizaliwa wakati wa njaa, nikawa mdogo kama kifaranga, wakanitia ndani ya kibuyu kilichokatwa ili nisibebwe na siafu. Ungesema kumi na nane ningekufukuza hapa. Na siku ile ungemwambia huyu mbili, leo ungesema nne ningeaminije?"

"Nguvu nne haziinui upanga," Mama Karo akasema. Sauti yake ilikuwa ya ukali, na ilikuwa ya mchezo. "Karani, nne haishiki hata kisu cha mboga."

"Mpe sindano," bibi kizee akasema. "Si mama yake ni fundi?"

Mama Karo akaingia ndani, akatoka na karatasi ya kaki, ile ya zamani, iliyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Akaigeuza upande wa nyuma, akailaza gotini. Njura, akaandika. Akangoja. Sindano.

"Mimi sijui kucheza," bibi kizee akasema, "lakini safari hii nisisimuliwe. Nimechoka kufika mambo yakiwa yamekwisha. Karani, niko wapi?"

Ireri akatazama uwanja. Jua lilikuwa limeteremka kidogo, na shuka nyeupe kwenye kamba zilikuwa zikipumua. Nyuma yake nyika ilikuwa imelala hadi ilipoonekana kama maji.

"Cucu," akasema, "uko kwenye ukingo wa mto. Kuna ukungu. Daraja limekatika. Wenzako wako ng'ambo na hawajui kama umezaliwa. Ndani ya maji kuna kitu kinakusikiliza." Alisita, kwa kuwa sehemu hii aliipenda na alikuwa ameikosa sana. "Unafanya nini?"

Njura akaokota mbaazi moja, akaizungusha kati ya vidole, akaamua ni nzima.

"Kwanza," akasema, "nakiuliza huo mto ni wa nani."